Uzi: Tumemaliza Monte Cristo nzima huku tunashona. Nani mwingine hapa Kivu anasoma kwa masikio?

Fundi wa Kadutu

Salamu kwenu ndugu wa Bukavu, Goma, Uvira na popote mlipo. Leo sina swali la cherehani. Nataka tuzungumze vitabu.

Nina karakana ya kushona Kadutu, hapa Bukavu, si mbali na soko. Cherehani tatu, zote za kukanyaga kwa miguu, kwa sababu umeme wetu hauna ahadi. Tuko wanne: mimi, mdogo wangu, na wasichana wawili wanaojifunza kazi. Miaka yote tulishona na redio. Habari asubuhi, muziki mchana, habari tena jioni. Habari za kwetu mnazijua. Ukizinywa kuanzia alfajiri mpaka jua linazama, hata mkono wa kushona unakuwa mzito.

Mwaka jana, katikati ya mvua, mwanafunzi mmoja wa chuo alileta suruali ya kupunguza. Wakati anasubiri aliomba achomeke kadi yake ya memori kwenye redio yetu, ile ndogo yenye tundu la kadi na flashi. Ikatoka sauti ya mtu anasoma kwa Kifaransa, taratibu, bila muziki nyuma. Kijana baharia anarudi Marseille, ana mchumba, anakaribia kuwa nahodha, na tayari kuna watu watatu wanamwonea wivu. Suruali iliisha, mwenyewe hakusimama kuondoka, na sisi hatukutaka achomoe kadi. Mwishowe akaninakilia yote.

Kitabu ni cha Alexandre Dumas, Le Comte de Monte-Cristo. Kina sura 117 na kinachukua zaidi ya saa 40 kusomwa kwa sauti. Sisi tulitumia karibu miezi mitatu, sura mbili au tatu kwa siku, kabla ya wateja wa mchana kujaa.

Niwaambie siku moja tu. Edmond Dantès amefungwa gerezani Château d'If, kisiwani, kwa kosa ambalo hakulifanya. Miaka 14. Mzee Faria, mfungwa mwenzake aliyemfundisha lugha na hesabu, amekufa, na walinzi wamemshona ndani ya gunia wampeleke kuzikwa usiku. Dantès anafumua gunia, anamtoa marehemu, anaingia yeye, kisha anachukua sindano na uzi na kulishona tena akiwa ndani. Hapo mdogo wangu akasimamisha redio. Tukabishana nusu saa nzima: inawezekana? Mkono unatokea wapi? Fundo la mwisho unalifunga vipi uwe ndani? Msichana mkubwa alichukua gunia la unga, akaingia na sindano ya kushonea magodoro. Aliweza. Mshono ulikuwa mpana na umepinda, lakini gizani nani angeukagua?

Tukawasha redio. Dantès alitegemea kuzikwa ardhini, achimbe atoke. Kumbe makaburi ya gereza lile ni bahari. Wakamfunga tufe la mzinga miguuni, wakambembeza mara mbili tatu, wakamrusha. Cherehani zote tatu zilinyamaza. Msichana mdogo, aliyeacha shule darasa la sita, alinishika mkono akaniuliza: «Papa, si bado ni mzima?»

Tangu niwe fundi sijawahi kuona kitabu kikimfanyia mtu hivyo. Na yule mtoto Kifaransa chake ni kidogo. Njia yetu ni hii: kila sura ikiisha, mmoja wetu anaisimulia upya kwa Kiswahili, kwa zamu. Aliyekosa neno anauliza. Aliyesinzia anajulikana.

Nani mwingine anafanya hivi? Mnasikiliza nini?

Kijana wa Katindo

Kaka fundi, nimesoma hapo nikiwa kwenye foleni ya maji, nikasahau kusogeza bido langu. Aksanti.

Niko Goma. Mimi ni wa podikasti zaidi. RFI, redio ya Ufaransa, wana mfululizo wa maandishi ya tamthilia za Afrika yanayosomwa mbele ya watu kule Avignon kila mwaka, waigizaji wa kweli, unasikia hata hadhira inavuta pumzi. Shida yangu ni forfe, kile kifurushi cha intaneti. Nikisikiliza moja kwa moja kwenye intaneti, mega zinaisha kabla ya hadithi. Nyinyi mlifanyaje saa 40?

Fundi wa Kadutu

Mdogo wangu wa Katindo, usisikilize moja kwa moja. Pakua kwanza, halafu zima data.

Yule mwanafunzi alinionyesha hesabu. Faili za kawaida za MP3 za vitabu hivi ni za kilobiti 64 kwa sekunde. Hiyo ni kama mega 29 kwa saa moja ya kusoma. Zipo za kilobiti 128, zinakula mara mbili, na kwa sauti ya mtu mmoja anayesoma hutaona tofauti kwenye redio yetu. Kwa hiyo chagua ya 64. Riwaya ya saa 40 ni kama giga 1 na kitu. Ukipata mahali penye Wi-Fi, ofisini kwa rafiki au chuoni, unaichukua mara moja. Kadi ya giga 16 inabeba zaidi ya saa 500. Sisi hatujaijaza mpaka leo.

Kwa podikasti kuna programu ya bure inaitwa AntennaPod. Unaiambia ipakue pale tu inapokuta Wi-Fi, na unaweza kupunguza kasi ya msomaji. Hiyo ya kasi iangalie vizuri: Kifaransa cha mtu wa Paris ukikipunguza kidogo, maneno yaliyokuwa yamebanana yanaachana.

Vitabu vyenyewe vinapatikana bure na kwa haki. Dumas alifariki mwaka 1870, kitabu chake sasa ni cha wote. LibriVox, iliyoanza mwaka 2005, inakusanya watu wa kujitolea dunia nzima, kila mmoja anasoma sura nyumbani kwake na kuitoa bure. Wengine wanasoma kama karani anayesoma orodha, hao niliwaacha. Wengine wana kipaji. Kuna mama mmoja anasoma, mara nyingine unasikia mlango ukilia nyuma yake, na mimi sauti ile ya mlango naipenda, inanikumbusha kuwa kuna mtu alikaa chumbani kwake akanisomea.

Mwalimu wa Bagira

Bwana Fundi, nakupongeza kwa bidii, ila niruhusu nitofautiane. Nimefundisha Kifaransa miaka 19. Kusikiliza si kusoma. Mtoto anayesikiliza tu hataijua tahajia, hataweza kurudi nyuma ya ukurasa kupima sentensi, na kitabu kitampita kama gari barabarani. Vitabu vikubwa viliandikwa visomwe kwa macho na kwa utulivu. Tukisema masikio yanatosha, tutazidi kupoteza wasomaji, na hapa Bukavu tayari ni wachache.

Fundi wa Kadutu

Mwalimu, nakuheshimu na hoja yako nimeipokea. Kuhusu tahajia una haki kabisa. Lakini kwamba vitabu vikubwa viliandikwa kwa ajili ya macho peke yake, hapo naomba nikujibu.

Hiki cha Dumas kilitoka gazetini, kipande kwa kipande, kuanzia Agosti 1844 mpaka Januari 1846. Ndiyo maana kila sura inakuacha mdomo wazi. Na kule Kuba, kuanzia mwaka 1865, wafanyakazi wa viwanda vya sigara walichanga pesa zao kumlipa msomaji akae juu ya jukwaa awasomee wakati wanasokota majani. Mikono kazini, masikio kitabuni. Walikipenda hiki cha Dumas mpaka sigara moja maarufu ikapewa jina Montecristo. Watu hao walikuwa kama sisi, Mwalimu. Wengi hawakujua kusoma, na hakuna wa kuniambia kwamba hawakukijua kitabu.

Nyongeza moja, kwa sababu wasichana wangu iliwagusa: bibi mzaa baba yake Dumas alikuwa mtumwa mweusi kule Saint-Domingue, nchi tunayoiita leo Haiti. Nilipowaambia, walitaka turudie sura ya kwanza.

Mjukuu wa Walikale

Nimekuwa nikisoma hapa kimya, ila sasa mmenigusa penyewe.

Mnatafuta fasihi ya kale ya kusikiliza mpaka Ufaransa, na ninyi mko Kivu! Mimi ni Mnyanga. Kwetu kuna Mwindo. Mwaka 1956 mtafiti Mbelgiji, Daniel Biebuyck, alikaa na mzee wetu Rureke akamsimulia utenzi wote. Ilichukua siku 12. Hakukaa kitini akaongea tu. Aliimba, alicheza, ana kayamba mkononi na njuga miguuni, na wenzake wakimpigia na kumwitikia. Mtafiti na wasaidizi wake waliandika kwa mkono, wakikimbizana na mdomo wa mzee. Mwaka 1969 kikatoka kitabu, Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene, ambaye ni Mnyanga mwenzetu. Leo kinasomwa vyuoni Marekani.

Hadithi yenyewe, kwa ufupi mno: chifu Shemwindo wa Tubondo aliwaambia wake zake saba kwamba anataka mabinti tu, atakayezaa mvulana mtoto atauawa. Mwindo akazaliwa akiwa tayari anatembea na kuongea. Jina lake la sifa ni Kabutwakenda, mdogo-aliyezaliwa-akatembea. Baba akamrushia mikuki, haikumpata. Akamzika, akatoka. Mwisho akaamuru achongewe ngoma, mtoto afungiwe humo, ngozi iwambwe juu, itupwe mtoni. Na ndani ya ngoma, chini ya maji, Mwindo akaimba kwamba anakwenda kwa shangazi yake Iyangura.

Fundi, hebu wasimulie wasichana wako hiyo.

Fundi wa Kadutu

Nimewasimulia leo asubuhi. Yule mdogo aliacha mkasi mezani akasema: «Huyo ni Dantès! Yeye gunia, huyu ngoma.» Halafu akafikiri kidogo, akaongeza: «Lakini Dantès alinyamaza ndani. Mwindo aliimba.»

Ndugu yangu wa Walikale, sijui nikushukuru vipi. Nina miaka 41, nimekulia jimbo la jirani, na hii naisikia leo.

Binti Nguba

Shikamooni wakubwa. Mimi niko hapa kwa sababu ya baba yangu.

Alikuwa karani maisha yake yote. Nyumbani kwetu vitabu vilikuwa kwenye makatoni chini ya kitanda, na kila jumapili baada ya misa alitoa kimoja. Kisha ugonjwa wa presha ya macho ukamchukua kuona, polepole, mwanzo pembeni, mwishowe kote. Tulimpeleka kwa waganga wa macho tukiwa tumechelewa. Miaka miwili aliketi kibarazani akitazama ziwa asiloliona. Kitu kilichoniumiza si kwamba alikuwa kipofu, ni kwamba aliacha kubishana. Baba yangu alikuwa mtu wa kubishana.

Mwezi wa nne nilimwekea *Les Misérables* kwenye simu, waya za masikio masikioni, nikamwonyesha kwa kidole kitufe kimoja tu cha kusimamisha. Victor Hugo alikitoa mwaka 1862, ni kirefu kupita Monte Cristo. Nilikwenda kupika sombe. Niliporudi alikuwa anaongea peke yake kwa hasira. Nikaogopa. Kumbe alikuwa anamsahihisha msomaji: «Hapo umekosea kuunganisha neno! Rudia!» Kisha ikafika pale askari wanamrudisha Jean Valjean kwa askofu na vyombo vya fedha alivyoiba, na askofu anasema alimpa mwenyewe, tena mbona alisahau na vinara viwili. Baba alichomoa waya, akaniita, akataka nimwambie kama askofu alidanganya au hakudanganya. Tulibishana mpaka sombe ikaungua chini.

Mwalimu wa Bagira, kwa heshima zote, baba yangu amerudi kusoma.

Mwalimu wa Bagira

Binti yangu, nimesoma ujumbe wako mara mbili. Mpe mzee salamu zangu, na mwambie kwa maoni yangu askofu alidanganya na alifanya vema.

Nirudi na habari yangu. Tangu juzi nilikuwa nawaza, basi jana nikajaribu. Watoto wa darasa la tano wanakariri hadithi za La Fontaine, kunguru na mbweha, kama mimi nilivyokariri, kama baba yangu alivyokariri. Nilileta spika ndogo, nikawachezea ile ya kunguru ikisomwa na mwigizaji. Mbweha akawa na sauti ya mafuta kabisa, ya mtu anayetaka kitu chako. Watoto walicheka. Ndugu zangu, miaka 19 sijawahi kusikia darasa likicheka kwenye shairi hilo. Mmoja akanyanyua kidole: «Mwalimu, kumbe anamdanganya?» Alikuwa amelikariri mwezi mzima, bila kosa, na hakujua ni hadithi.

Baadaye niliwapa maandishi wafuate kwa kidole wakati sauti inasoma. Hapo ndipo msimamo wangu unabaki: sauti na karatasi, vyote viwili. Kwa wenye simu, maandishi ya vitabu hivi vya zamani yako bure kwenye Project Gutenberg, faili zake za maandishi peke yake ni ndogo sana.

Mama wa Nyamugo

Banangu, ninyi wote muko na Kifaransa. Mimi siko nacho. Nauza sambaza, nasikiliza redio, naongea Kiswahili na Mashi. Hizi vitabu za Kiswahili za kusikiliza ziko wapi? Ama sisi tubakie na kusimuliwa na bafundi tu?

Kijana wa Katindo

Mama, swali lako ndilo zito kuliko yote humu.

Viko, lakini haba. DW Kiswahili walitengeneza michezo ya redio ya Noa Bongo, inaigizwa vizuri, ingawa ni hadithi za siku hizi za kufundisha vijana. Tenzi za zamani za pwani zinasikika zikighanwa kwenye video, na hizo ndizo ningekuambia uanze nazo. Kuna Utendi wa Mwana Kupona, wa mwaka 1858. Mama mgonjwa anamwachia binti yake wosia. Aliuandika, lakini tangu mwanzo anamwambia bintiye «upulike», yaani usikie. Kiswahili chake ni cha Pate na Lamu, kigumu kwa masikio ya huku, mimi mwenyewe napata nusu. Ila sauti inavyopanda na kushuka, hata nusu inatosha kukukalisha.

Shaaban Robert na wengine, usomaji wao kamili kwa sauti nimeutafuta bila kuridhika. Vipande tu.

Fundi wa Kadutu

Mama yangu wa Nyamugo, umeniumiza na umenisaidia.

Nimekaa na swali lako siku nne. Jumapili iliyopita tulifunga karakana mapema. Nikamwambia yule msichana mdogo: isimulie hadithi ya gunia na ya ngoma, kwa Kiswahili chetu hiki hiki cha Kadutu, kama unavyowasimulia majirani wakija kuchukua nguo. Maana anawasimulia, nimemsikia. Mama mmoja muuza makaa hupitia kwetu hana nguo ya kushona, anataka kujua tu Dantès amefika wapi.

Kurekodi si kazi ya kitoto, niwape tulichojifunza. Mara ya kwanza mvua ilianza, na chini ya mabati husikii hata mwenzako. Mara ya pili motari, dereva wa pikipiki, alipiga honi getini. Mara ya tatu tulitundika vitenge ukutani na kufunika meza kwa blanketi, simu tukaiweka juu ya kitambaa kilichokunjwa, kama shubiri mbili kutoka mdomoni, upande kidogo ili pumzi isigonge. Alikuwa anasoma kwenye karatasi aliyoandika, akawa mkavu kama tangazo. Nikamnyang'anya karatasi, nikamkalisha msichana mwenzake mbele yake, nikamwambia msimulie huyu. Mwenzake akaanza kuitikia «ee», «kisha?», «weee!», na hadithi ikasimama kwa miguu yake.

Dakika 11. Dantès anaingia kwenye gunia, anashona, na msichana anaeleza mshono wenyewe, kwa sababu yeye ni fundi na anaujua: sindano inatoka, inarudi, uzi unavutwa kwa meno. Halafu anasema: «Na kwetu kulikuwa na mwingine, yeye walimtia ndani ya ngoma.» Hapo amesimama. Wimbo wa Mwindo hakuujua, na hakutaka kuubuni.

Mjukuu wa Walikale

Nipe wiki moja. Koko yangu, mimi mjukuu wake, yuko Goma tangu vita ituhamishe, anakaa na dada yangu. Nyimbo za Mwindo anazo kadhaa, kwa Kinyanga. Hapendi simu, lakini akiona mtoto anataka kusikia, hanyamazi. Nitarekodi usiku, watoto wakilala na jenereta la jirani likizimwa.

Mama wa Nyamugo

Fundi, hiyo ya dakika kumi na moja uniwekee kwenye kadi. Redio yangu iko na tundu. Nakuja kesho saa nne nikitoka kuchukua samaki kwenye bandari.

Fundi wa Kadutu

Njoo Mama, kadi iko tayari, huilipi. Ulizia cherehani tatu nyuma ya wauza mabeseni.

Wengine mnaotaka leteni kadi zenu, Monte Cristo nzima nitawanakilia pia. Ndugu wa Walikale, tunakusubiri. Msichana ameniambia sehemu ya ngoma haigusi mpaka wimbo wa koko ufike.

Mjukuu wa Walikale

Umefika. Dakika 3 na nusu. Katikati anakohoa, nimeacha hivyo hivyo. Nimekutumia kwa WhatsApp sasa hivi, pamoja na maneno yake kwa Kiswahili, jinsi alivyonieleza mwenyewe.

Fundi wa Kadutu

Nimeupata. Tumeusikiliza mara sita, cherehani zimesimama. Tunarekodi jumapili, mvua ikikubali.